Muulize Mama Fundi: Adapta mbili, namba moja

Barua nyingi za mwezi huu zimeangukia kwenye kadi za mtandao, na sishangai. Laptopu mpya zinakuja bila tundu la kebo, kwa hiyo watu wananunua adapta. Kompyuta za mtumba nazo zimejaa mjini, na kila moja ina yake iliyopitia. Nimechukua barua tano. Majina nimeyaacha, wenyewe mnajijua.

Shikamoo Mama Fundi. Nafundisha kompyuta sekondari hapa Nansio, Ukerewe. Laptopu za maabara yetu hazina tundu la kebo, hivyo nilivuka kuja Mwanza nikanunua adapta za USB, zile za bei nafuu. Nikichomeka mbili kwa pamoja zinagombana: hii ikishika intaneti, ile inakata, kisha zinabadilishana. Nikichomoa moja, iliyobaki inatulia kabisa. Nimebadilisha kebo, nimebadilisha swichi, hakuna kitu. Dukani wanasema adapta ni nzima. Nifanyeje? — Mwalimu, Nansio

Marahaba, Mwalimu. Dukani hawakukudanganya. Kila adapta peke yake ni nzima. Shida ni kwamba zote mbili zina namba moja ya MAC, yaani ile namba ya kuitambulisha kadi kwenye mtandao.

Hakikisha kwanza. Kwenye kila laptopu fungua lile dirisha jeusi la amri, andika getmac, bonyeza Enter, kisha linganisha namba za adapta hizo. Nina hakika kubwa utakuta zinaanza na 00-E0-4C na zinafanana mpaka tarakimu ya mwisho.

Namba ya MAC ina tarakimu 12 za heksadesimali, yaani 0 mpaka 9 kisha A mpaka F. Sita za mwanzo kampuni inapewa na IEEE, chama cha wahandisi chenye makao yake Marekani. Sita za mwisho kampuni inajipangia yenyewe, na kila kadi inayotoka kiwandani inatakiwa ipate ya kwake. Mwanzo wa 00-E0-4C ni wa Realtek ya Taiwan. Wanaotengeneza adapta za bei ya kutupa hujichukulia mwanzo huo hata pale ambapo chipu ya ndani si ya Realtek, halafu wanamwaga data ileile kwenye kila adapta inayopita mezani. Kuandika namba tofauti kwa kila moja ni hatua ya ziada, na wao wanauza kwa faida ya senti.

Sasa tazama kinachotokea kwenye swichi yako, kile kisanduku kinachounganisha kebo za maabara. Swichi ina jedwali: namba fulani iko tundu la 3. Adapta ya pili ikituma kitu, swichi inaona namba ileile imetokea tundu la 7, inafuta na kuandika upya. Ya kwanza ikituma tena, inarudisha 3. Majibu ya intaneti yanapelekwa kwa yule aliyezungumza mwisho, mwenzake anakaa bila kitu. Ruta nayo inagawa anwani za IP kwa kuangalia namba hiyohiyo, kwa hiyo inazipa laptopu zote mbili IP moja. Ndiyo maana kubadilisha kebo hakukusaidia. Kama adapta moja ungempa rafiki yako wa Bukoba wala msingegombana, kwa sababu namba ya MAC haivuki ruta. Ugomvi unatokea pale zinapokaa chini ya paa moja.

Tiba ni ya bure. Kwenye Windows fungua Device Manager, tafuta adapta yako, ingia sehemu ya Advanced, utaona mstari wa Network Address au Locally Administered Address. Hapo andika namba mpya bila nukta wala vistari. Sharti ni moja: tarakimu ya pili kutoka kushoto iwe 2, 6, A au E. Hiyo ndiyo alama kwamba namba imepangwa na mwenye mtandao na haikutoka kiwandani. Usiweke namba witiri mahali hapo, 1 au 3 mpaka F, kwa sababu hizo zimetengwa kwa ujumbe unaokwenda kwa kundi zima na kadi moja haiwezi kuitwa hivyo. Mimi kwenye maabara ya shule ningeanza na 020000000101 kwa kompyuta ya kwanza, 020000000102 kwa ya pili, na kuendelea. Zile za Linux utatumia amri ya ip link, au uweke namba kwenye mipangilio ya NetworkManager ili isipotee ukiwasha upya.

Jihadhari na kitu kimoja. Namba hii inakaa kwenye Windows ya laptopu hiyo, haiingii ndani ya adapta. Wanafunzi wakibadilishana adapta, laptopu ambayo haijapangwa itarudi kwenye namba ya kiwandani. Kata utepe wa karatasi, andika namba ya kompyuta, bandika kwenye adapta, na uorodheshe kwenye daftari la maabara.

Najua utaniuliza kama namba inaweza kuandikwa ndani ya adapta yenyewe moja kwa moja. Vipo vijiprogramu vinavyozunguka kwenye flashi za mafundi, lakini chipu zilizomo kwenye adapta hizi hubadilika bila ganda kubadilika, na hakuna kiwanda utakachokiuliza ukikwama. Bei yake haistahili kuhangaika hivyo. Safari ijayo ukija mjini, njoo na laptopu yako. Chomeka adapta mbili hapohapo kaunta, soma getmac, ndipo utoe hela. Mwenye duka akinuna, maduka ni mengi.

Shikamoo mama. Nina duka la steshenari Buzuruga. Nilikuwa naboresha famwea (programu ya ndani) ya kadi ya mtandao ya Intel ya mtumba kwenye kompyuta ya kaunta, umeme ukakatika katikati. Sasa Linux inaandika "The NVM Checksum Is Not Valid" na kadi haionekani kabisa, na Windows inaweka pembetatu ya njano. Rafiki yangu ana kadi inayofanana na yangu, anasema atanipa kopi ya data yake niimwage kwangu. Niikubali? — Kijana wa Buzuruga

Marahaba mwanangu. Usimwage kitu bado. Kadi yako haijafa, imekataliwa tu.

Ndani ya kadi kuna kijichipu kidogo cha kumbukumbu, tofauti na ile chipu kubwa. Humo ndimo zinamokaa namba ya MAC, mipangilio ya taa, ya umeme, ya kuamshwa kwa mbali, na mengineyo. Kwenye kadi nyingi za Intel za umri huo, eneo la msingi lina maneno 64, kila neno baiti mbili. Maneno matatu ya kwanza ni namba ya MAC. Neno la mwisho ni la kusawazisha: ukijumlisha yote 64 na kubakiza tarakimu nne za mwisho tu, lazima upate BABA, namba ya heksadesimali ambayo hakuna Mswahili atakayeisahau. Umeme ulipokatika baadhi ya maneno yalikuwa yameandikwa na mengine bado, hesabu haikufika BABA, na draiva ya Linux, ile programu inayoiendesha kadi, ikakataa kuiwasha. Inafanya vizuri kukataa.

Sikuogopeshi, lakini eneo hilo limeshawaumiza watu waliokuzidi wewe na mimi. Septemba 2008, matoleo ya majaribio ya Linux 2.6.27 yalikuwa yanaharibu data hii kwenye kadi za Intel zilizomo ndani ya laptopu, na wenye laptopu hawakuwa wakiboresha chochote. Mwanzoni lawama zilienda kwa draiva ya kadi yenyewe, e1000e. Ilipochunguzwa, mkosaji alikuwa sehemu nyingine kabisa ya Linux, ile ya kufuatilia mwendo wa programu, iliyokuwa ikiandika mahali pa kumbukumbu pasipokuwa pake tena. Watengenezaji walikimbilia kulifunga eneo hilo lisiandikike hata kabla hawajampata mkosaji.

Kuhusu kopi ya rafiki yako, kuna kisa cha 2013 ambacho napenda kukirudia kwa vijana. Kristian Kielhofner, mhandisi wa Marekani anayeshughulika na simu za intaneti, alieleza jinsi kadi za Intel 82574L alizokuwa nazo zilivyokuwa zikizimika ghafla. Alichimba mpaka akagundua kwamba paketi moja tu yenye thamani fulani kwenye baiti ya 0x47F ilitosha kuiua kadi, na haiamki mpaka umeme ukatwe kabisa. Intel ilichunguza ikasema chipu haina kosa. Mtengenezaji mmoja wa madabodi alikuwa ameandika data isiyo sahihi kwenye EEPROM, yaani kile kijichipu cha kumbukumbu. Kadi hizo zilikuwa zinafanya kazi, zinaonekana, hesabu yake haina tatizo, na bado zilikuwa mgonjwa. Hivyo ndivyo kadi inavyoweza kuwa ukiipa data ya kadi nyingine kwa sababu tu zinafanana kwa macho.

Basi fanya hivi. Chomoa kadi, tafuta stika. Kwa kawaida namba yako ya MAC imechapishwa pale, tarakimu 12. Ipige picha. Ukiwa hapo, yatazame meno ya kadi yanayoingia kwenye slota. Hapa kwetu ziwani shaba inashika ukungu wa kijani, na nimeona kadi zikilaumiwa famwea wakati zilihitaji kusuguliwa na kifutio cha penseli.

Kisha ijaribu zana ya Intel yenyewe, BootUtil, kwa kuwasha kompyuta kutoka kwenye flashi. Usipoteze muda na ethtool, amri ya Linux ya kukagua kadi, maana draiva ikishakataa kadi, ethtool haina cha kushika. Zana ya Intel ikiitambua kadi, mara nyingine inaweza kurudisha mipangilio ya kawaida na kusawazisha hesabu, na kazi inaishia hapo.

Isipoitambua, ndipo tunashika kijichipu chenyewe. Kina miguu minane. Soma maandishi ya juu kwa kioo cha kukuza, au kwa kamera ya simu kama macho yako yamechoka kama yangu. Kikianza na 25 au 24 kinasomeka kwa CH341A, kile kifaa cha kuchomeka USB chenye kibanio. Kikiwa 93, kama ilivyo kwenye kadi nyingi za zamani, kwa kawaida utahitaji kifaa kingine. Kabla ya kubana pima umeme kwa mita. Zile CH341A nyeusi za bei nafuu hupeleka volti 5 kwenye waya za data hata kama chipu ni ya volti 3.3.

Soma mara mbili, linganisha faili. Zikitofautiana, kibanio hakijakaa sawa, rudia mpaka zifanane. Faili hilo, pamoja na ubovu wake, litunze nje ya kompyuta hiyo, kwa sababu huenda maneno mengi bado ni mazima. Fungua, tazama baiti sita za mwanzo: zikilingana na stika, namba yako imesalimika.

Hapo sasa kopi ya rafiki yako inaweza kukufaa, kama kadi ni ya modeli ileile na namba ya PBA, ile inayotaja toleo la bodi ya kadi, kwenye stika zote mbili ni moja. Usiimwage kama ilivyo. Baiti sita za kwanza weka zako, la sivyo wewe na yeye mtakuwa kama adapta za Mwalimu wa Nansio. Kisha jumlisha maneno 63 ya kwanza, toa jibu kwenye BABA, bakiza tarakimu nne za mwisho tu, na kinachopatikana ndicho kinachokwenda kwenye neno la 64, baiti ndogo ikitangulia. Andika, soma tena, linganisha, rudisha kadi.

Kama PBA hazilingani, mwambie rafiki asante. Bei ya kadi nyingine ya mtumba ni ndogo kuliko kadi itakayokuzimikia siku wateja wamepanga foleni ya matokeo ya kidato cha nne.

Na kadi ikipona, amri ya kwanza kuandika ni ethtool -e, jina la kadi, raw on, na kuielekeza kwenye faili. Sekunde moja tu, na una kopi ya kadi yako ikiwa nzima. Kuboresha famwea bila UPS mjini kwetu, hasa mawingu yakishaanza kusimama upande wa ziwani, mimi siruhusu hata kwenye duka langu.

Mambo mama! Niko hosteli Malimbe. Wi-Fi yetu inauzwa kwa vocha, na vocha inashikamana na namba ya MAC. Jirani yangu analipia mwezi mzima lakini hashindi chumbani. Nikiweka namba yake kwenye laptopu yangu itakubali? — Mwanachuo

Poa mwanangu. Siku akiwa amelala mtandao utakubali, akiamka mtaanza kukatana kama ilivyoelezwa huko juu, naye ataandika barua hapa kuniuliza kwa nini intaneti yake aliyoilipia inakata. Sifundishi kumwibia jirani. Isitoshe Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa kuingia kwenye mfumo bila idhini, na mwenye Wi-Fi hakukupa idhini. Changeni hela.

Nichukue nafasi hii kwa wale waliolipa kihalali na vocha "inapotea". Simu zenye Android 10, ya 2019, na kuendelea, na iPhone tangu iOS 14 ya 2020, hazitoi namba yao halisi. Zinajitungia namba kwa kila jina la Wi-Fi. Kama hosteli yako ina Wi-Fi ya chini na ya juu zenye majina tofauti, simu moja inaonekana kama simu mbili, na vocha ya chini haitambuliki juu. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo, chagua itumie namba ya MAC ya kifaa, kisha mwombe mwenye vocha akusajili upya kwa namba hiyo. Utaitambua ya kujitungia kwa tarakimu ya pili: 2, 6, A au E, kama zile za Mwalimu.

Mama Fundi, habari za kazi. Ni mhasibu kwenye biashara ya samaki, Igogo. Kompyuta yangu ilibadilishwa madabodi. Tangu irudi, programu ya hesabu inakataa kufunguka, inasema leseni ni ya mashine nyingine. Kijana wa ofisini amesoma namba ya MAC amekuta 88-88-88-88-87-88. Hii ni namba kweli? — Dada wa hesabu

Nzuri, dada yangu. Kijana wenu ana macho mazuri, mpeni soda.

Hiyo si namba ya mtu. Ni ya kujazia nafasi, inakuwa kwenye data ya mwanzo ya chipu za mtandao za Intel zinazokaa kwenye madabodi, na kiwanda au fundi anatakiwa aiondoe na kuandika namba ya bodi hiyo. Aliyekubadilishia madabodi aliandika BIOS akaishia hapo. Intaneti inapita, kwa hiyo hakuna aliyestuka. Ofisi yenu ikija kupata kompyuta ya pili iliyofanyiwa hivyohivyo, mtagombana kama wale wa Nansio.

Hapa nakubali namba iandikwe ndani moja kwa moja, tena niko mkali kwa wengine wote. Mrudishie aliyeifanya, amalizie kazi yake bila malipo. Namba sahihi ni ya madabodi mpya, iko kwenye stika ndogo nyeupe, mara nyingi karibu na tundu la kebo au pembeni ya slota. Zana ya kuandikia inatoka kwa mtengenezaji wa kompyuta, na mafundi wa huduma wanayo. Akikwambia atakutungia namba kichwani, chukua kompyuta yako uondoke.

Leseni ni jambo la pili. Utashawishika kumwambia aandike namba ya madabodi ya zamani ili programu ifunguke. Usifanye hivyo. Piga simu kwa waliowauzia programu, waeleze madabodi ilikufa, wape namba mpya, wawatolee leseni nyingine. Wamezoea. Mkiwa na risiti ya fundi itasaidia. Kama kompyuta ya zamani ingekuwa na kadi ya kuchomoa, ungeihamisha tu kwenye mashine mpya pamoja na namba yake, lakini ya kwako ilikuwa imechomelewa.

Fundi mwenzangu, niko Musoma. Seva ya Debian ninayoitunza inaandika kila ikiwaka kwamba imeshindwa kupata rtl_nic/rtl8168h-2.fw. Mtandao unafanya kazi. Niflashi kadi? Na kwa jumla, famwea ya kadi tuiboreshe kila baada ya muda gani? — Fundi wa Musoma

Usiflashi kitu, fundi. Hapo majina yanafanana tu. Ipo famwea inayokaa ndani ya kijichipu cha kadi, ile ya kijana wa Buzuruga. Na ipo ambayo draiva inaipeleka kwenye kadi kila kompyuta inapowaka, ikizimwa inapotea. Ya kwako ni hiyo ya pili, ni faili la kawaida tu kwenye folda ya /lib/firmware. Weka kifurushi cha firmware-realtek, washa upya, ujumbe unaondoka. Toleo la Debian 12 la 2023 lilianza kuja na mafaili haya kwenye kisakinishi chenyewe. Seva yako nadhani iliwekwa zamani, hivyo itabidi uongeze non-free kwenye orodha ya vyanzo vyake, na kama uliipandisha ikawa 12, ongeza non-free-firmware.

Ile ya ndani ya kadi haina ratiba. Soma ethtool -i, mstari wa firmware-version, uandike kwenye daftari la seva. Ukiona mtengenezaji ametoa toleo jipya, soma limerekebisha nini. Likitaja ugonjwa unaouona kwako au tundu la usalama linalokuhusu, panga usiku mmoja, UPS ikiwa imejaa, na uwe na njia ya kuifikia seva bila kadi hiyo. Lisipotaja chochote cha kwako, liache. Kadi ya Realtek ya ofisi ndogo unaweza kumaliza nayo miaka yote bila kuigusa. Kadi za Intel za 10G ni habari nyingine, kwa sababu draiva mpya wakati mwingine inalalamika ikikuta famwea ya zamani. Kama unayo ya hivyo, niandikie namba zote mbili, ya draiva na ya famwea, kama ethtool -i inavyozionyesha, nikujibu toleo lijalo.